Ujuzi wa Kazi ni Mali ya Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetuneemesha akili na elimu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu yangu msomaji, ukiingia soko la Kimironko na kupita wauza vitenge utawakuta mafundi cherehani wameketi safu kwa safu, bega kwa bega. Mteja ananunua kitenge, anapimwa palepale, na jioni au kesho yake anachukua gauni lake. Mafundi hawa wanagawana kivuli, umeme, na mara nyingine chakula cha mchana. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wengi wao hawagawani, nacho ni ujuzi. Mmoja anajua kukata kitenge ili maua yakutane sawasawa kwenye mshono na kitambaa kisipotee. Wa pili anajua uzi upi hautoi rangi ukifuliwa. Wa tatu anajua duka linalouza bitana kwa bei nafuu. Kila mmoja amelipia alichonacho, kwa miaka, kwa hasara na kwa vitambaa vya watu alivyoviharibu akavilipa. Na kila mmoja amekifungia kifuani.

Swali langu leo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiuchumi. Je, fundi huyu anakosea? Ujuzi wa kazi ni mali yake, kama cherehani ilivyo mali yake, au ni amana ambayo jirani yake ana haki nayo?

Undugu wa kampuni

Tuanze na wale waliofaulu kugawana. Hatua chache kutoka kwa mafundi wanauzwa unga wa ngano wa Azam, ule unaopikiwa chapati na mandazi karibu kila mtaa wa Kigali. Unga huo ni wa kundi la kampuni za Bakhresa. Mwanzilishi wake, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa Zanzibar ambaye hakusoma sana shuleni. Alianza na biashara ndogondogo, akawa na mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia katika kusaga nafaka. Leo kundi hilo lina vinu Tanzania, Uganda, Malawi, Msumbiji na hapa kwetu Rwanda, na nje ya unga lina vinywaji, aiskrimu, boti za Dar es Salaam na Zanzibar, na televisheni.

Kundi la namna hii linanufaikaje na ujuzi wa pamoja? Kwanza, kosa hulipiwa mara moja. Kinu cha nchi moja kikijifunza kwa hasara namna ya kuhifadhi ngano wakati wa mvua, kinu cha nchi ya pili hakina haja ya kupata hasara ileile. Pili, habari za bei husafiri haraka. Ngano nyingi inayosagwa Afrika Mashariki hutoka ng'ambo na kupitia bandarini, na anayenunua kwa ajili ya vinu vingi huona mabadiliko ya soko mapema kuliko mwenye kinu kimoja. Tatu, watu wenyewe huhamishika. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba ufundi ni tabia inayokaa ndani ya mtu kwa kutenda na kurudia, na kwamba anayejifunza kwa kuona kazi ikifanywa hukamilika kuliko anayesimuliwa. Ujuzi wa namna hiyo hautumwi kwa barua. Njia yake ni kumpeleka fundi aliyezoea mashine akakae na wageni miezi kadhaa, na kampuni zilizo ndugu zinaweza kufanya hivyo bila kuogopa kuibiwa.

Nguvu ya jambo hili ilionekana wazi Japani mwaka 1997. Tarehe 1 Februari moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin mjini Kariya, ambacho kilitengeneza karibu vali zote za aina moja ya breki zilizotumika kwenye magari ya Toyota. Akiba iliyokuwepo ilitosha saa chache tu, na viwanda vya Toyota vikasimama. Aisin haikuficha michoro yake. Iliwapa waliokuwa tayari kusaidia, na zaidi ya kampuni 60 zikaanza kutengeneza vali hizo, ikiwemo Brother, kampuni inayojulikana kwa cherehani, ambayo haikuwa na desturi ya kutengeneza vipuri vya magari. Kabla wiki mbili hazijaisha kazi ilikuwa imerejea. Mazungumzo ya malipo yalikuja baadaye.

Kwa nini Aisin ilitoa michoro yake, na fundi wetu wa Kimironko hatoi siri ya kukata kitenge? Jibu jepesi ni kusema Wajapani ni wakarimu na mafundi wetu ni wachoyo. Jibu hilo si la kweli, na kwa Mwislamu ni dhana mbaya.

Hofu ya fundi

Tutazame hesabu ya fundi. Akimfundisha jirani yake namna ya kukata, ujuzi wake haupungui, maana elimu si kama mkate unaoisha ukikatwa. Kinachopungua ni wateja. Bibi harusi aliyekuja kwake kwa sababu ya ule mkato sasa anaweza kwenda kwa jirani, na kodi ya meza inamngoja mwisho wa mwezi. Ametoa ujuzi, na faida imekwenda upande wa pili.

Ndani ya kundi la kampuni hesabu haiko hivyo. Kinu kimoja kikikifundisha kingine, faida inaingia mfuko uleule. Aisin nayo ilijua kwamba Toyota ikisimama, na yenyewe imesimama. Kwa hiyo kilichofungua kifua chao ni kufungamana kwa faida na hasara. Watu wakifungamana katika riziki, ujuzi hutembea wenyewe. Wakiachwa kila mmoja na njaa yake, hata mawaidha ya Ijumaa hayataufungua.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulifikirie kwa makini, kwa sababu sisi wanafunzi tunapenda kuhimiza. Ni rahisi kusimama mbele ya mafundi na kuwaambia wagawane elimu kwa ajili ya Allah, ilhali sisi kodi hatulipi.

Je, kuficha ujuzi ni dhambi?

Wengine watasema jambo hili limekwisha hukumiwa. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi onyo kali la Mtume (s.a.w.) kwa mtu anayeulizwa elimu kisha akaificha, kwamba Siku ya Kiyama atatiwa hatamu ya moto. Je, onyo hili linampata fundi?

Imamu al-Khattabi, aliyesherehesha Sunan ya Abu Daud, alieleza kwamba elimu iliyokusudiwa ni ile ambayo ni lazima kuifundisha, kama mtu anayetaka kusilimu akaomba afundishwe dini, au anayeuliza namna ya kuswali na wakati wa swala umeingia. Elimu ya namna hiyo haina mwenyewe. Siri ya mkato wa gauni si ya namna hiyo. Na wanazuoni wa zama zetu wamekwenda mbali zaidi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba jina la biashara, haki ya mtunzi na haki ya mvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, sheria inazilinda na haifai kuzivamia. Aliyetoa jasho kupata ujuzi ana haki ya kula matunda yake.

Basi fundi ameshinda? Si kabisa. Imamu al-Ghazali, katika Ihya, alipotaja elimu ambazo ni faradhi ya kutosheleza, alihesabu pamoja na tiba na hesabu kazi za msingi kama kilimo na ufumaji, hata kuumika na kushona nguo. Naam, kushona nguo kumetajwa. Maana ya faradhi ya kutosheleza ni kwamba mji mzima ukikosa watu wa kuifanya kazi hiyo, mji mzima una dhambi. Kwa hiyo ujuzi wa fundi una haki mbili juu yake. Faida ni yake, ila kuufanya usife ni deni la jamii nzima, na yeye ni mmoja wao. Fundi mzee anayekwenda kaburini na ufundi wake, bila hata kijana mmoja aliyejifunza kwake, hakumwibia mtu, lakini mji umepungukiwa.

Na mji wetu una haja. Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba, zile tunazoziita caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, ili nguo zitengenezwe nchini. Mlango ulifunguliwa, lakini mlango wa soko hauingiwi na fundi mmoja mmoja anayeshona magauni matatu kwa siku. Shule ikiomba sare 400 za kipimo kimoja na mshono mmoja, wanaoweza kuipokea kazi hiyo ni wale tu waliokwisha kufundishana.

Ujinga wa mwenzako si mtaji wako

Mpaka hapa nimemtetea mwenye ujuzi. Sasa niseme pale anapozuiwa.

Ujuzi wa sokoni uko wa aina mbili, na tunakosea tukizichanganya. Upo ujuzi wa kutenda, yaani namna ya kushona, kusaga, kuchanganya na kupanga. Huo unaweza kubaki nyumbani. Na upo ujuzi wa hali ya bidhaa na bei, unaohusu moja kwa moja yule unayeuziana naye. Hapa Mtume (s.a.w.) hakuacha nafasi. Alikataza watu kuutokea msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni na kujua bei, na akampa muuzaji hiari ya kuvunja mauzo akifika na kuona amepunjwa. Alipotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akamkana mwenye kughushi.

Ukiyatazama makatazo haya pamoja utaona kitu kimoja. Msafara haukuibiwa kwa nguvu, na lundo halikuuzwa kwa mizani mbovu. Kosa lilikuwa kwamba upande mmoja ulijua na mwingine haukujua, na anayejua akaufanya ujinga wa mwenzake kuwa faida yake. Misafara ya leo ni malori ya viazi kutoka Musanze. Mkulima asiyejua bei ya Kigali asubuhi hiyo yuko katika hali ya msafara ule. Ndiyo maana mfumo kama e-Soko wa Wizara ya Kilimo, unaotoa bei za masoko kwa njia ya simu, una maana ya kidini hata kama waliouanzisha hawakulifikiria hilo. Unamfikisha mkulima sokoni kabla ya mnunuzi kumfikia.

Hapa kundi la kampuni linabeba mtihani mkubwa kuliko fundi mmoja. Kampuni ndugu zikipeana habari za kusaga vizuri zaidi, mlaji ananufaika na unga mzuri. Zikipeana habari ili kumkamata mkulima au mnunuzi mdogo gizani, ugawanaji uleule unakuwa kusaidiana katika dhulma, na Sura ya al-Maida imetenganisha wazi kusaidiana kwa wema na kusaidiana kwa uadui. Kwa hiyo kugawana ujuzi peke yake si sifa. Wezi pia hugawana ujuzi. Tuulize yule aliye nje ya ukuta anapata nini kutokana na wanayoambiana walio ndani.

Mtu anaweza kunijibu: hata wasipomdanganya yeyote, makundi haya yanakua kwa sababu yanajua zaidi, na mdogo anakufa pole pole bila kosa la mtu. Hoja hii ni nzito. Lakini dawa yake si kumlazimisha mkubwa atoe siri zake, kwa maana tumekubali kwamba ni haki yake. Dawa ni wadogo nao kuwa na undugu.

Ushirika wa mafundi wawili

Hapa fiqhi ina hazina ambayo hatuitumii. Wanazuoni walizungumzia ushirika wa viwiliwili, sharikat al-abdaan, yaani watu wawili wasio na mtaji wanaoshirikiana kwa kazi ya mikono yao na kugawana malipo. Mfano unaorudiwa vitabuni ni upi? Mafundi wawili wa kushona! Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wameujuzisha, kwa masharti wanayohitilafiana. Wanaoujuzisha hutaja habari ya Ibn Mas'ud, Ammar na Sa'd kwamba walishirikiana katika watakachokipata siku ya Badri.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hayakuukubali. Hoja yao ni kwamba kazi ya kila mwili ni ya mwenyewe, na haijulikani nani atafanya kazi na nani atalala, kwa hiyo upo ghararu ndani yake. Tusiidharau hoja hii. Kila aliyewahi kuwa katika kikundi cha kazi za darasani, ambapo wawili wanaandika na watatu wanaweka majina, anaielewa vizuri sana. Ushirika mwingi umekufa kwa ugonjwa huohuo.

Lakini Mashafi hawakufunga mlango wote. Wanakubali ushirika wa inani, ambao kila mmoja anatia mtaji, mitaji inachanganywa, na faida inafuata mtaji. Mafundi watano wakichanga fedha kama wanavyochanga katika ikimina, wakanunua mashine ya ovaloki ambayo hakuna anayeimudu peke yake, na kitambaa cha jumla, tayari wana mfuko mmoja. Sheria ya nchi nayo inaruhusu hatua hiyo ikue, kwa kuwa koperative zina mamlaka yake tangu mwaka 2008. Siku mfuko utakapokuwa mmoja, yule anayejua mkato atawafundisha wengine bila kuombwa, kwa sababu gauni likiharibika hasara ni yake pia. Kile ambacho kundi kubwa linakipata kwa umiliki wa familia, mafundi watakipata kwa mkataba na uaminifu. Naongeza uaminifu kwa makusudi, kwani mkataba bila daftari la hesabu lililo wazi ni lile lundo la chakula lenye unyevu chini.

Na sisi?

Ndugu zangu, suala hili linatuhusu sisi wa chuoni pia. Waislamu wa Rwanda tunajua maana ya ujuzi kupita mkono kwa mkono. Katika zama za ukoloni, shule nyingi zilipokuwa mikononi mwa wamisionari, wazee wetu wengi walibaki nje ya madarasa. Waliishi kwa biashara, udereva, umakanika na ushonaji, kazi ambazo hukuzisomea cheti bali ulifunzwa na mjomba, au na rafiki wa mjomba. Undugu ule ulikuwa kundi lao la kampuni. Haukuwa na ofisi, lakini ulilisha nyumba.

Leo sisi tuna madarasa. Tuna wanaosoma uhasibu, sheria, kompyuta, na sisi wa masomo ya Kiislamu tunaosoma mlango wa ushirika kwa ajili ya mtihani kisha tunaufunga. Anayejua kuandika daftari la hesabu ana kitu ambacho mafundi watano wa Kimironko wanakihitaji kuliko mawaidha. Anayejua sheria anaweza kuwasomea masharti ya koperative. Anayejua fiqhi anaweza kuwaeleza kwa nini faida isiandikwe kwa namna hii bali ile. Simwambii mtu atoe ujuzi wake bure milele, kwa sababu nimesema kwamba ujuzi una haki ya malipo. Ninasema tusikae ng'ambo ya ukuta tukiwahimiza wengine wabomoe upande wao.

Fundi wa Kimironko hakukosea kulinda riziki yake. Atakuwa amekosea akimdanganya mteja kuhusu kitambaa, na mji utakuwa umekosea ukimwacha azeeke peke yake na ufundi wake. Ujuzi wa kazi ni mali ya aliyeutolea jasho, na ni amana ya mji anaoishi. Haki hizo mbili zinagombana pale tu kila mtu anapokula peke yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na vifua vinavyoaminiana. Wallahu a'alam.

Wabillahi tawfiq.